Kumnoa mpigaji wa besiboli ya chuo, na kusajili bila kujidanganya

Wakuu, hii ni kwa nyie mlioko Marekani mnaosaidia timu za haiskuli au vyuo vidogo, na wazazi ambao vijana wenu wameamua kushika gongo badala ya kucheza soka kama tulivyotegemea.

Makocha wengi wanaanzia pabaya. Wanaanza na miguu, kiwiko, nyonga, wanamrekodi kijana kwa slo mosheni mpaka anachanganyikiwa, wakati shida ya wapigaji wengi wa mwaka wa kwanza chuoni siyo swingi, shida ni kwamba wanapiga mipira ambayo walitakiwa waiache ipite. Piga hesabu mwenyewe: toka kwa mrushaji hadi kwenye pleti (kibao cha chini anaposimama mpigaji) ni mita 18.44, mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kwa kama sekunde 0.4, na humo humo kijana aone, aamue, na gongo liwe lishafika. Nafasi ya kukumbuka ulimwambia nini kuhusu kiwiko ataitoa wapi?

Kwa hiyo anza na macho. Siku warushaji wako wanapopasha mkono, msimamishe mpigaji kwenye pleti, helmeti kichwani, gongo mkononi, ila marufuku kupiga. Kila mpira aseme "ndiyo" au "hapana" kwa sauti kabla haujaingia kwenye glovu ya mdakaji, na mdakaji amjibu kama kapatia. Wewe kaa pembeni usikilize ile "ndiyo" inatoka saa ngapi. Ikitoka baada ya glovu kulia pa! huyo hajaamua kitu, anasoma matokeo tu. Akizoea, mwongezee kazi, ataje na aina ya mpira, wa kasi au wa kujipinda au ule wa kupunguza mwendo. Vijana watalalamika kwamba ni kazi ya watoto, waache walalamike, maana ni mazoezi ya bure, hayachoshi mikono, na warushaji nao wanafaidika kumuona mtu amesimama pale.

Kwenye tii, yaani kile kijiti cha kuwekea mpira wa mazoezi, acha ile tabia ya kuweka mpira katikati ya pleti kila siku ili kijana ajisikie mkali. Uweke kona ya nje, ile iliyo mbali na mpigaji, usawa wa goti, na mwambie aupeleke upande wa pili wa uwanja. Mpira wa nje unataka kusubiriwa umkaribie zaidi, akiuwahi atauburuza chini, na atajua mwenyewe bila wewe kufungua mdomo.

Halafu hesabu ya mipira. Akiwa na boli 2 (mipira mibaya aliyoiacha) na hakuna straiki (mpira alioukosa, au mzuri aliouacha), atafute mpira mmoja tu, sehemu moja tu, usipokuja anaacha hata kama ni straiki. Akiwa na straiki 2 mambo yanabadilika: ashike gongo juu kidogo, apanue miguu, apunguze papara, kazi yake sasa ni kugusa. Kwenye daftari lako usiandike hit (kapiga akafika salama) na aut (katolewa) peke yake, andika kila mpira na uamuzi wake. Kijana aliyechapa mpira mzuri kwa nguvu ukadakwa anapata alama, aliyepata hit ya bahati kwa kupiga mpira wa kwenye vumbi hapati. Mwanzoni watakununia. Lakini kwenye mchezo ambao anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 anaitwa mkali, ukipima matokeo tu utamvunja moyo anayefanya sawa.

Sasa usajili, na jicho ni lile lile. Usiende na ile namba ya kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo iliyopimwa kwenye shoukesi, yale maonyesho ya vijana mbele ya makocha, ukadhani umemaliza, pale kijana anarushiwa mipira ya kupendeza. Mtafute siku anakutana na mrushaji mgumu. Angalia mipira anayoiacha: kichwa kimetulia au amerukia mbele halafu akajizuia? Akitolewa kwa straiki 3, angalia zamu yake inayofuata ya kupiga, amebadilisha kitu au anarudia yale yale? Fika mapema, wakati wa kupasha, ndiyo utajua nani anajituma bila kusimamiwa.

Kwa sheria, kocha wa Divisheni I (daraja la juu la michezo ya vyuo chini ya NCAA) haruhusiwi kuwasiliana na kijana kuhusu usajili mpaka Agosti 1 kabla ya mwaka wake wa 3 wa haiskuli, kwa hiyo mzazi usihuzunike simu ikiwa kimya kabla ya hapo. Pesa nazo zimebadilika. Zamani timu nzima ilikuwa na skolashipu 11.7 za kugawana, yaani wengi walipewa vipande. Toka msimu wa 2025-26 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vina kikomo cha wachezaji 34 na vinaweza kuwalipia wote, ila kuweza siyo kulipa, na nafasi zenyewe zimepungua, afu makocha wanapenda kuchukua wakubwa kwenye portali ya uhamisho, yaani orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Divisheni III, daraja la chini, hawatoi skolashipu ya michezo kabisa, wanatoa za masomo na za uhitaji. Chuo cha miaka miwili siyo aibu, bwana, kijana anacheza kila siku badala ya kukaa benchi. Muulize kocha moja kwa moja: unamuona mwanangu anacheza nafasi gani, na mbele yake kuna nani?

Alama za darasani zicheki mapema: Divisheni I wanataka masomo ya msingi 16 na wastani (GPA) wa 2.3 kati ya 4. Na kama kijana anatokea Afrika, nyaraka ndiyo kila kitu. 2011 vijana wa Uganda walifuzu kombe la dunia la besiboli ya watoto (Little League) kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza kwa sababu taarifa za umri hazikulingana, mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikaenda na ikashinda mechi. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti na matokeo ya shule vyote viwe na jina moja na tarehe moja, na virekebishwe kabla hujamtumia kocha video yoyote.