Kupaka rangi injini iliyofanyiwa ovaholi

Rangi ya injini ikibanduka, usikimbilie kulaumu kopo. Mara nyingi kosa liko chini ya rangi: oili iliyobaki kwenye vinyweleo vya chuma, au rangi yenye kiwango cha joto kisichoendana na kazi. Yatatue hayo mawili kwanza, ndipo uchague kati ya nyekundu na bluu.

Tuchukue 5A-FE ya Toyota Corolla, injini ambayo mafundi wengi wameifungua. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya chuma; silinda hedi inayokaa juu yake ni ya alumini. Kinachohitaji rangi ni bloku, maana chuma kitupu huota kutu, na kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam au Mombasa kutu haikawii. Hedi isafishe tu, uiache na rangi yake ya asili. Ukitaka lazima kuipaka, anza na praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe) ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini, la sivyo rangi itatoka kama ganda.

Nunua enameli ya injini, inayoandikwa kuhimili nyuzi 150 hadi 260 za Selsiasi hivi. Sehemu kubwa ya nje ya bloku hucheza karibu na joto la maji ya kupozea, yaani nyuzi 90 na kidogo, kwa hiyo enameli hiyo inatosha kabisa. Wapo wanaonunua rangi ya egzosi ya nyuzi 600 na zaidi wakidhani joto kubwa ndiyo ubora. Sivyo. Rangi ile hukomaa kwa kuchomwa hatua kwa hatua mpaka karibu nyuzi 300, na bloku haifiki huko hata siku moja. Itabaki laini, itanywa oili, na petroli ikimwagika itaondoka nayo. Vilevile, enameli ya injini ukiipaka kwenye manifoldi ya egzosi itaungua. Rangi ya mafuta ya milango na madirisha usiilete kabisa hapa.

Kwa bloku ya silinda nne, kopo moja la kupulizia la praima na mawili ya rangi, ya mililita 400 kila moja, yatatosha. Chagua rangi nyepesi, kijivu kwa mfano. Oili ikianza kuvuja kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, utaiona mapema. Kwenye nyeusi utaiona ikishafika sakafuni.

Wakati mzuri wa kupaka ni baada ya kufunga pistoni, hedi, kava la mbele na sampu, bolti zote zikiwa zimekazwa kwa kipimo. Rangi ikikaa chini ya kichwa cha bolti husagika taratibu, na mkazo hupungua. Ila kukwangua na kusugua kwa brashi ya waya kufanyike mapema, bloku ikiwa tupu na kabla haijaoshwa mara ya mwisho. Usipulizie mchanga injini iliyokwisha kufungwa: punje moja ikiingia kwenye njia ya oili, bearingi mpya zimekwisha.

Ziba matundu yote, kisha futa bloku kwa thina na kitambaa cheupe, ukigeuza kitambaa kila mara. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe, hasa pembeni mwa gasketi na chini ya kichujio cha oili, ambako oili ya kufungia hupenya baada ya kufuta. Kisha rushia maji kidogo. Yakitandaa, chuma ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, mafuta bado yapo. Kausha papo hapo, na kuanzia hapo usishike chuma kwa mkono mtupu.

Funika kwa tepu ya karatasi hedi, swichi ya presha ya oili, mifereji ya puli, mipira, na mahali waya wa athi unapofungwa, kwa sababu rangi huzuia umeme. Namba ya injini ifunike pia, au uipulizie safu moja nyembamba tu. Hiyo ndiyo inayolinganishwa na kadi ya gari, na ikizibwa na rangi nzito italeta maswali.

Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia gololi ikicheza. Simama sentimita 25 hivi kutoka kwenye chuma na upulize kwa mkono unaotembea. Safu ya kwanza iwe ukungu tu, chuma kikionekana chini yake. Subiri dakika 10, weka ya pili, subiri tena, kisha ya tatu iliyolowa vizuri bila kutiririka. Safu nene hukauka juu na kufungia thina ndani. Injini ikipata moto, thina hutafuta njia na malengelenge hutokea. Epuka alfajiri yenye umande na saa za mvua, kwani unyevu huifanya rangi ipauke.

Soma kwenye kopo muda wa kurudia. Enameli nyingi hutaka safu zote ziishe ndani ya saa moja, au usubiri siku 7. Ukipaka katikati ya muda huo, thina mpya huvimbisha rangi ambayo haijakomaa, nayo hujikunja kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Hapo hakuna tiba ila kukwangua mpaka chuma.

Toa tepu rangi ikiwa bado laini kidogo ili ukingo usichanike. Iache siku 7 ukiweza. Injini ikiwashwa mara ya kwanza kutakuwa na harufu na moshi mwepesi juu ya bloku. Hiyo ni rangi inakomaa, lakini hakikisha kwanza kwamba si oili inayodondokea kwenye egzosi. Usiioshe kwa petroli wala dawa ya kuondoa grisi kwa wiki mbili za mwanzo, na mafuta ya breki yakidondoka yaoshe papo hapo kwa maji, kwani hata enameli iliyokomaa huyalainikia.