Jinsi ya Kuingiza Utaratibu Mpya katika Hospitali Yenye Idara Nyingi

Hospitali yenye fani nyingi hupata mawazo mapya kwa urahisi, kwa sababu daktari bingwa, muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa maabara kila mmoja huona kasoro asiyoiona mwenzake. Wingi huohuo ndio unaoyakwamisha mawazo hayo wakati wa utekelezaji, maana kila idara ina mkuu wake, rejesta zake na zamu zake, na jambo linalopita idara nne halina budi kukubaliwa mara nne. Mwongozo huu ni kwa mganga mfawidhi, muuguzi mfawidhi au kiongozi wa timu ya uboreshaji wa huduma, na unatumia mfano mmoja: orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani maswali ambayo timu ya upasuaji huyajibu pamoja kwa sauti ili mgonjwa asidhurike.

Orodha hiyo yenye vipengele 19 ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, ikiwamo Ifakara nchini Tanzania, London, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa maana wa vifo wala wa matatizo, ingawa hospitali zenyewe ziliripoti kuwa orodha ilitumika karibu kila mara. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba karatasi yaweza kusainiwa pasipo kazi yenyewe kubadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapa nakala hata moja, chukua kila kipengele ukifuate kwa miguu tangu kinapoanzia hadi kinapoishia. Chukua swali linalouliza kama mgonjwa amepewa antibiotiki ya kinga ndani ya dakika 60 kabla ya kupasuliwa. Ni mstari mmoja tu, lakini daktari wa upasuaji ndiye anayeiandika dawa, famasia ndiyo inayoitoa, wodi huenda ndiyo inayoitunza, na mtoa dawa ya usingizi mara nyingi ndiye anayepaswa kuichoma. Ikiwa wodi imezoea kuichoma alfajiri, na mgonjwa akaingia chumba cha upasuaji saa tano, jibu la kweli litakuwa "hapana" kila siku, na baada ya wiki mbili watu watazoea kuandika "ndiyo" ili kazi iendelee. Kosa hilo haliondolewi kwa kuwakaripia wauguzi. Linaondolewa kwa kukubaliana kwamba dawa itachomwa katika chumba cha upasuaji, na kwa kuhakikisha kwamba famasia inaipeleka huko moja kwa moja. Fanya vivyo hivyo kwa damu ya akiba, kwa sampuli zinazokwenda maabara, na kwa kipimo cha oksijeni kinachovaliwa kidoleni, ambacho kikiharibika kinamhitaji fundi wa vifaa tiba.

Ukishaona idara zinazoguswa, waite wahusika wenyewe wa kila idara, wala usitosheke na wakuu wao, kwa kuwa mwenye kujua dawa hukwama wapi ni yule anayeibeba. Muulize kila mmoja: utaratibu huu unakuongezea kazi gani, na tukuondolee ipi? Rejesta mbili zinazouliza jambo lilelile ziunganishwe.

Mpe mtu mmoja jukumu la kuisoma orodha kwa sauti; kwa kawaida ni muuguzi ambaye hajavaa glavu za upasuaji. Hapa ndipo ngazi za madaraka huumiza zaidi. Muuguzi kijana hawezi kumsimamisha daktari bingwa kwa nguvu ya karatasi pekee, kwa hiyo mganga mfawidhi anapaswa kutamka mbele ya wote kwamba kisu hakishikwi kabla maswali hayajajibiwa, na afike mwenyewe siku za mwanzo kulisimamia neno lake.

Anza na chumba kimoja na timu moja iliyo tayari. Rekebisha maneno yaendane na mazingira yenu, lakini msifute kipengele kwa sababu tu ni kigumu kukitimiza.

Mwishoni mwa kila wiki, usihesabu saini. Chagua majalada machache, ulinganishe saa ya kuchomwa antibiotiki na saa ya kuanza upasuaji, kisha uyabandike matokeo mahali ambapo wodi, famasia na chumba cha upasuaji watayaona pamoja. Chumba cha pili kianze pale tu saa hizo mbili zitakapokuwa zinaonyesha kwamba katika chumba cha kwanza dawa inachomwa ndani ya zile dakika 60 kabla ya upasuaji.