Reli ya mfano nyumbani: anzeni na meza, si na kichwa cha treni

Treni ya mfano ikiacha njia kila ifikapo kwenye kona, lawama humwangukia aliyeuza kichwa cha treni. Kosa kwa kawaida liko chini: ubao umepinda, maungio ya reli hayakukaa sawa, au umeme unafika kwa shida upande wa mbali. Kwa hiyo hapa meza, reli na waya vimepewa nafasi kubwa. Milima na miti inakuja mwishoni, hata kama watoto wangependa kuanza nayo.

Kipimo

Chukueni HO, yaani 1:87: kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko treni halisi. Reli zake zimeachana milimita 16.5. Ukigawanya milimita 1,435 za SGR kwa 87 unapata hizo hizo 16.5, hivyo treni ya Mombasa–Nairobi au ya Dar es Salaam–Dodoma inakaa juu yake kwa uwiano wa kweli. Reli ya zamani ya mita moja inahitaji njia ya milimita 12, inayoitwa HOm. Hiyo hutengenezwa zaidi kwa wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja, kwa hiyo vifaa ni vichache na bei iko juu. Kipimo cha N, 1:160, kinaingia kwenye nafasi ndogo, lakini mtoto wa miaka saba atahangaika kupanga magurudumu juu ya njia ya milimita 9. Mtoto wa chini ya miaka 3 asiachwe peke yake karibu na meza, maana viungio vya reli, vile vibati vidogo vya kuunganisha vipande, humezwa kirahisi.

Kabla ya kulipa, someni maandishi ya nyuma ya kidhibiti cha umeme. Seti nyingi za Marekani huja na kidhibiti cha volti 120. Kikichomekwa kwenye soketi ya volti 230 au 240 kitaungua. Kilichotengenezwa kwa soko la Uingereza kinafaa, na plagi yake inaingia moja kwa moja kwenye soketi za Kenya, Uganda na Tanzania.

Meza

Inatosha karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, unene wa milimita 12, juu ya fremu ya mbao za 2×2 yenye kipande cha kukingama kila baada ya sentimita 40. Fungeni kwa skrubu na gundi nyeupe ya seremala. Misumari hulegea na fremu huanza kulia. Pakeni vanishi au rangi pande zote mbili pamoja na kingo. Plaiwudi iliyopakwa upande mmoja hunyonya unyevu upande wa pili na kujikunja, na pwani jambo hilo halichelewi.

Kimo cha sentimita 75 kinawafaa watoto wa miaka saba hadi kumi. Msiiegemeze meza ukutani. Mkono wa mtu mzima unafika kama sentimita 75 tu, na meza ina upana wa 122. Kama chumba ni kidogo, wekeni magurudumu kwenye miguu ili ivutwe inapohitajika.

Reli

Mzunguko wa kwanza uwe hivi: vipande 12 vya kona vyenye nusu kipenyo cha milimita 457, na vipande 10 vilivyonyooka vya milimita 229, vitano kila upande. Njia yote inachukua takriban sentimita 206 kwa 91, na kuacha kama sentimita 19 kila kichwa cha meza na 15 kila ubavu. Msijaribiwe kuisogeza ukingoni. Hiyo nafasi ndiyo inayozuia kichwa cha treni kuanguka sakafuni. Baadaye badilisheni kipande kimoja kilichonyooka kwa pointi, ile sehemu inayogawa njia moja kuwa mbili, mpate njia ya pembeni ya kuegesha mabehewa.

Pangeni kila kitu bila kupigilia na mwendeshe treni kwa siku mbili tatu. Kisha pitisheni ncha ya kidole juu ya kila ungio. Panapokwaruza, aghalabu reli moja imepanda juu ya kiungio badala ya kuingia ndani yake. Kazi hii wapeni watoto, vidole vyao huhisi vizuri. Katika maungio machache acheni mwanya wa unene wa kadi ya mwaliko, kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa. Misumari midogo ya katikati ya mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, isishindiliwe: taruma likibonyea, reli mbili husogeleana na magurudumu hukwama.

Kuhusu daraja la njia kupita juu ya njia, hesabu inakataa kwenye meza hii. Treni ya chini inahitaji karibu milimita 75 za wazi, ongeza unene wa daraja, ni kama milimita 90. Mwinuko mzuri ni sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo kupanda tu kunadai mita 4.5, na mzunguko wote una mita 5.2. Jengeni njia tambarare, na daraja liwe la kuvuka mto uliochongwa chini ya usawa wa reli.

Mabehewa nayo yawe mafupi. Behewa la abiria la mita 25 huwa milimita 287 kwenye HO, na kwenye kona ya milimita 457 litavutwa nje ya njia.

Umeme

Jozi moja ya waya haitoshi, kwa kuwa kila kiungio hupunguza umeme kidogo. Pitisheni chini ya meza waya mbili za nyumba za milimita za mraba 2.5, nyekundu kwa reli ya ndani na nyeusi kwa ya nje, kisha mpandishe kutoka hapo hadi kwenye reli jozi nne za waya nyembamba, moja kila baada ya mita 1.3 hivi. Kulehemu ni kazi ya mtu mzima, dirisha likiwa wazi. Wekeni pamba iliyoloweshwa maji pande zote mbili za mahali mnapochomea, na msizidishe sekunde tatu, la sivyo mataruma ya plastiki yatayeyuka. Pimeni shoti kwa kipima umeme (multimeter) kila mnapomaliza jozi moja. Mkisubiri hadi mwisho hamtajua kosa liko wapi. Mzunguko wa kawaida hauna shida, lakini njia ya tawi isigeuke ikajiunga tena na njia ile ile, treni ikarudi ilikotoka ikiwa imegeuza uso: hapo reli ya ndani hukutana na ya nje, na shoti haikwepeki bila vikata-umeme maalumu.

Mandhari

Mlima ni vipande vya boksi vilivyosukwa kama jamvi, juu yake bandeji za POP (plasta ya kufungia mifupa) za duka la dawa zilizochovywa majini. Zikikauka, pakeni rangi ya udongo. Nyuzi za katani zilizokatwa milimita 8 na kutiwa rangi ni majani marefu mazuri kuliko mengi ya dukani. Udongo na mchanga upitisheni kwenye chujio la chai, kisha mpitishe sumaku juu yake mara kadhaa. Chembe za chuma zikibaki, zitavutwa na mota ya kichwa cha treni na kuiharibu. Kokoto za kando ya reli zilowesheni kwa maji yenye tone la sabuni, halafu dondosheni gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa sirinji. Msikaribie ulimi wa pointi, ile sehemu yake inayosogea: ukigandishwa, pointi nzima hubadilishwa.

Mabehewa mepesi hupinduka. Kanuni ya chama cha Marekani, NMRA, kwa HO ni gramu 28 za kuanzia na 14 kwa kila inchi ya urefu, hivyo behewa la sentimita 15 liwe na gramu 110 hivi. Gundisheni nati au vibati vya duara vya chini ya nati (washa) ndani ya behewa, chini kabisa.

Treni ikisitasita mahali pamoja, angalieni ungio la hapo. Ikisitasita kila mahali, futeni reli na magurudumu kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti. Steelwool isiguse reli kamwe. Nyuzi zake huishia ndani ya mota.