Kufuata VOR kwenye simuleta ya nyumbani bila kuchungulia nje

Wengi wakishapata simuleta ya ndege wanaruka mchana kweupe, wanafuata barabara na milima, na hapo unajifunza kushika ndege tu, siku ukiweka mawingu dakika tano nyingi ushapotea. Mi nataka uweze kwenda unakotaka kioo chote cha mbele kikiwa cheupe pee. Tutatumia VOR, yani kituo cha redio cha ardhini kinachokuonyesha njia, maana ukiielewa hiyo ILS (mfumo wa redio wa kukuongoza kutua) haitakusumbua. Hapa Dodoma nafundishia kwa laptopu ya kawaida yenye FlightGear, ni ya bure, na ndege ni Cessna 172. Kama unayo simuleta nyingine poa tu, vyombo ni vilevile.

Hatua ya kwanza, anzia hewani, kupaa tutakuja baadae. Iweke ndege maili 30 za baharini magharibi ya VOR ya Dar es Salaam, futi 5,000, uelekeo 090, spidi noti 110, upepo sifuri. Masafa ya kituo, yani namba yake ya redio, yasome kwenye ramani ya simuleta yenyewe (VOR zote ziko kati ya megahezi 108.00 na 117.95), yaingize NAV1, ile redio ya kwanza ya kutafutia njia, alafu bonyeza kitufe cha kubadilishana, maana yakibaki upande wa stendibai (wa kusubiri) hamna kitu. Kisha washa sauti ya NAV1 usikilize zile ti-taa-ti za Morse zinazotaja herufi za kituo, ulinganishe na ramani. Watu wanairuka sana hii na mi siipitishi kwa mtu yeyote, sindano ya chombo cha VOR inaweza kutulia vizuri kabisa katikati kumbe unafuata kituo kingine.

Hatua ya pili, zungusha OBS, kile kitufe cha kuchagulia njia kwenye chombo cha VOR, mpaka 090. Bendera, kile kidirisha kidogo cha chombo, itaandika TO (kwenda kituoni; FROM ni kutoka kituoni). Sa elewa kinachoendelea: kituo kinatoa radiali 360 kama njiti za gurudumu la baiskeli, na zote zinahesabiwa kutokea kituoni kwenda nje, kwaiyo we ulioko magharibi umekaa kwenye radiali 270 ila safari yako ni 090. Kwa kuzungusha OBS unakiuliza chombo swali moja tu, ile njia ya 090 iko kushoto kwangu au kulia?

Na hapa ndo pagumu kuliko pote. Sindano haijui pua ya ndege imeangalia wapi. Kijana mmoja ninayemfundisha alizungusha ndege duara zima alafu akaniambia, "Kaka, mbona sindano imekufa?" Haijafa. Fanya na wewe: lalia upande mmoja kiasi cha digrii 17, hiyo inakupa mzunguko wa digrii 3 kwa sekunde, baada ya dakika 2 umerudi ulikoanzia. Muda wote huo sindano itacheza doti moja hivi basi (zile alama ndogo kwenye uso wa chombo), kwa sababu haisomi unakoelekea, inasoma uliposimama. Rudia duara hilo hata mara tatu mpaka likukae kichwani ndo uendelee.

Doti moja ni digrii 2. Ukiwa maili 30 ni kama maili nzima pembeni ya njia, ila ukiwa maili 6 doti hiyohiyo ni kama mita 390 tu. Ndo maana ukikaribia kituo sindano inakuwa na kiherehere, na hapo usiikimbize, shika uelekeo uliokuwa nao, ipite, bendera igeuke FROM.

Kosa lililonichelewesha mimi ni kusoma radiali 270 kwenye ramani na kuweka OBS 270 huku naenda 090. Bendera ilikuwa FROM toka mwanzo, sikuiangalia. Upepo wa kusini ukanisukuma kaskazini, sindano ikaenda kushoto, nikaifuata kushoto, ikazidi kwenda, nikaifuata tena, nikaja kushtuka niko kwa juu ya Bagamoyo. Kwaiyo kabla hujagusa usukani linganisha namba ya OBS na uelekeo wako: unakwenda kituoni, ziwe karibu sawa na bendera iwe TO.

Hatua ya tatu, kuidaka njia. Anza upya ukiwa maili 5 kusini ya njia. Sindano itakuwa imelala kushoto karibu mpaka mwisho. Geuka kushoto digrii 30, yani 060, tulia. Ikianza kurudi katikati, anza kurudisha pua 090 polepole, usingoje ifike kati maana utapitiliza.

Hatua ya nne, upepo, na sisi wa Dodoma tunaosikia bati likipiga kelele usiku tunajua upepo hauombi ruhusa. Weka noti 20 kutoka kusini. Shika 090, uone sindano inavyotoroka kulia taratibu. Geuka 110, isubiri irudi kati, kisha punguza nusu, shika 100. Ikitulia umepata jibu lako, pua imeangalia 100 na ndege inakwenda 090. Kila dakika 15 linganisha jairo (chombo kinachokuonyesha uelekeo) na dira ya sumaku, jairo inahama kidogokidogo bila kukuambia.

Ukiweza hayo mara tatu mfululizo, njoo uwanja wa Dodoma, kwenye simuleta utafute HTDO, paa ranwei 09. Dar iko kama maili 210, uelekeo wa 102 hivi. Panda futi 11,000, milima ya Ukaguru upande wa Gairo inapita futi 7,000 na njia yako inapita juu yake hasa, kwaiyo usianze kubania urefu. Signali ya VOR inakwenda mstari mnyoofu, kwaiyo kujua utaanza kuipata umbali gani chukua kipeuo cha pili cha urefu wako kwa futi uzidishe kwa 1.23, unapata maili 129, na kwenye simuleta nyingine inachelewa zaidi ya hapo. Maana yake maili 80 za mwanzo huna kituo, una saa na dira, andika muda uliopaa na usibadilishe uelekeo kwa wasiwasi. Bendera ya onyo, ile inayosema hamna signali, ikiondoka na sindano ikaamka, usiikimbilie. Washa sauti kwanza, usikilize zile Morse.