Ulanga au dhahabu? Utambue kwa sindano na gilasi ya maji

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe hayana ulanga, yaani maika, madini yanayometa na yenye tabaka nyembamba. Kwa hiyo ukiona kitu kinametameta mchangani, uliza kwanza mchanga umetoka wapi. Jiwe la bapa la Mariakani lina ulanga katikati ya tabaka zake. Miamba ya Taita inao mwingi zaidi.

Rangi iache kwa sasa, maana ndiyo inayowaliza wanunuzi wa "dhahabu". Tafuta sindano na lenzi ya kukuza mara 10. Penyeza ncha ubavuni mwa kipande, si juu yake, kisha inua. Ulanga huachia utando mwembamba, na utando huo hupasulika tena na tena. Upinde kidogo, uachie. Ukijirudi wenyewe, huo ni ulanga. Yapo madini mengine laini yanayofanana nao: kloraiti ikipindwa hubaki imepinda, jasi vilevile, na talki huteleza vidoleni kama sabuni. Dhahabu haitoi utando wowote; ukiidunga hubonyea tu.

Ukitaka kupima ugumu, kwaruza uso wa bapa. Hapo muskovaiti, aina mojawapo ya ulanga, ina 2 hadi 2.5 kwa kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, kwa hiyo hata ukucha huweza kuacha alama. Ukikwaruza kukatisha tabaka, ugumu hufika karibu 4, ukadhani ni madini mengine.

Sasa elekeza utando kwenye mwanga. Rangi hutenganisha aina za ulanga: muskovaiti huwa angavu au ya kifedha, biotaiti nyeusi au ya kahawia kwa sababu ya chuma, lepidolaiti aghalabu ya zambarau.

Kazi ipo kwenye biotaiti iliyoliwa na mvua na jua: hugeuka rangi ya dhahabu na kupoteza ule mnyumbuko, jaribio la kupinda likakudanganya. Hapo tumia maji. Tia kijiko cha mchanga ndani ya gilasi, ongeza tone la sabuni ili chembe kavu zisielee, koroga, kisha acha gilasi itulie. Dhahabu, yenye uzito wa takriban mara 19 ya maji, huzama upesi. Ulanga ni mara 2.7 hadi 3.3 tu, na kwa kuwa ni bapa hushuka polepole, ukatua juu ya mchanga.

Fundi wa ujenzi naye afanye jaribio hilohilo. Vimeto vikitanda juu ya mchanga kwa wingi, zege litadai maji zaidi na kupoteza nguvu, maana saruji haishiki vizuri nyuso hizo laini. Mchanga huo usiutumie kumwaga nguzo wala slebu.