Kutambua kundi la mnyama kwa jeni za kiinitete: anza na mayai ya sato

Ukitaka kujua sato na nzi wako kundi gani kubwa la wanyama, usiishie kuuliza kama wana jeni za Hox, zile zinazopanga sehemu za mwili kutoka kichwani hadi mkiani. Wote wanazo. Tazama ramani ya mahali jeni zinapowaka, yaani zinapofanya kazi, kwenye kiinitete. Mwaka 1993 wanabiolojia Slack, Holland na Graham walipendekeza kwamba ramani ya Hox, ambayo wanyama huchangia, ndiyo imtambulishe mnyama; makundi hutenganishwa kwa jeni nyingine za kuongezea. Ramani hiyo huonekana vizuri zaidi katikati ya ukuaji wa kiinitete.

Mwanza mayai ya sato hupatikana kwa wazalishaji wa vifaranga. Jike huatamia mdomoni. Mfungue mdomo taratibu juu ya beseni, mayai yatoke. Yakae kwenye maji ya nyuzi 28. Huanguliwa karibu siku ya 4, hivyo kuanzia siku ya 2 yachungulie kila baada ya saa chache mpaka uone pingili za misuli mgongoni na matao ya matamvua. Kwa nzi, subiri mwili ujigawe pingili. Kulinganisha hatua zisizolingana ni kupoteza kemikali.

Ondoa ganda, loweka kwenye paraformaldehaidi ya 4% usiku kucha kwa nyuzi 4, kisha hifadhi kwenye methanoli, nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kitafutio ndicho kinachoharibu kazi nyingi. Ni kipande cha RNA chenye herufi 500 hadi 1,000, kilichotiwa digoksijenini (alama ambayo mwishoni hutokezwa kama rangi ya zambarau), kinachooana na ujumbe wa jeni unayoitafuta. Usikikate ndani ya homeoboksi, kipande kilichomo katika kila jeni ya Hox: herufi zake 180 zinafanana mno katika jeni zote za Hox, nawe utapata zambarau mwili mzima. Kiinitete kilale nacho usiku kucha kwa nyuzi 65 hivi. Vaa glavu mpya, maana vimeng'enya vya vidole huila RNA na rangi haitoki kabisa. Daima pitisha kiinitete kingine kwenye kitafutio kilichogeuzwa, kisichoweza kuoana na ujumbe wa jeni. Kikishika rangi kwenye uwazi wa ubongo au sikio, ni uchafu ulionaswa humo.

Wakati wa kusoma, andika mpaka wa mbele wa kila jeni, kwani nyuma rangi hufifia. Hox1 huanza karibu na kichwa, Hox9 nyuma zaidi, kwa sato na kwa nzi. Sasa ongeza jeni za kutenganisha makundi: brachyury kwenye notokodi ya sato (ufito laini wa mgongoni mwa kiinitete), engrailed ikichora mstari kwenye sehemu ya nyuma ya kila pingili ya nzi. Jeni ya BMP huwaka upande wa tumbo kwa sato. Nzi huwasha mwenzake, dpp, mgongoni.

Jeni moja isikuamulie. Jeni iitwayo Distal-less huwaka kwenye miguu ya wadudu na pia kwenye miguu-mirija ya urchini wa baharini, bila viungo hivyo kuwa na asili moja.