Kabla hujapeleka mgogoro wa kazi kwenye usuluhishi

Mkataba, barua ya kuachishwa, hati za mshahara na kitambulisho viwe kwenye bahasha moja, na nakala zake. Huna mkataba wa maandishi? Wengi wa viwanda vya minofu na mialoni hapa Mwanza hawana. Chapisha miamala ya benki au ya simu inayoonyesha mshahara ukiingia, pamoja na taarifa ya michango ya NSSF.

Kama hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, dai la kuachishwa isivyo haki halisimami. Dai malimbikizo yako.

Sasa siku, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Dai la kuachishwa kazi lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, siku 60. Mkata minofu anaachishwa tarehe 2. Msimamizi anamwambia, "Vuta subira, bosi akirudi kutoka Dar tunalimaliza." Anasubiri. Wiki ya pili bosi yuko kikaoni. Ya nne anapigiwa simu aje kesho, na hiyo kesho inasogezwa mpaka siku 30 zinakwisha. Ahadi ya mdomo haizuii siku kuhesabika! Sasa itabidi ajaze fomu nyingine kuomba aongezewe muda na aeleze kila siku aliyochelewa, na "niliahidiwa" ni sababu dhaifu mno. Sajili shauri kwanza. Mazungumzo na bosi yaendelee likiwa tayari Tume.

Fomu CMA F1, ya kusajili shauri, isome mara mbili. Sehemu B ni ya walioachishwa tu. Taja kila dai na kiasi chake: notisi, likizo ambayo hukwenda, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Usichokiandika ni vigumu kukipata baadaye mbele ya mwamuzi, anayeamua usuluhishi ukishindikana. Mpelekee mwajiri nakala, apokee kwa saini au muhuri, na uthibitisho huo uurudishe Tume.

Siku ya kikao usikose, kwa sababu mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa. Unatoka Ukerewe? Vuka jana yake.

Msuluhishi hahukumu, na mnayozungumza humo ni siri, kwa hiyo taja kiwango unachoweza kukubali kweli. Mkipatana, tarehe ya malipo, njia ya kulipa na cheti cha utumishi viandikwe kabla hujasaini. Neno usilolielewa uliza hapo hapo, hata kama wenzako wameshasimama kuondoka.